Wosia Usio na Msimamizi

Mwaka 1961 mwimbaji wa Kibelgiji Jacques Brel alitoa wimbo uitwao Le Moribond, yaani mtu aliye katika kukata roho. Mwenyewe alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mzima wa afya, anazunguka Ufaransa nzima akiimba usiku baada ya usiku. Ndani ya wimbo, mgonjwa yuko kitandani na anawaita watu mmoja mmoja awaage. Wa kwanza ni Émile, rafiki ambaye wameimba pamoja mvinyo, wasichana na machungu yao. Wa pili ni padri; hawakushika njia moja, ila walikuwa wakitafuta bandari ileile. Wa tatu ni Antoine, na hapa salamu zinachachuka: Antoine hakuwahi kupendwa, na mgonjwa hafichi kwamba kinachomkera ni kufa leo na kumwacha Antoine akiwa ngangari. Wa mwisho ni mke.

Wale wanaume watatu wote wanaachiwa kazi moja, wamtunze mke wake. Sababu ndiyo inatofautiana. Émile atamtunza kwa kuwa ni mtu mwema. Padri atamtunza kwa kuwa alikuwa msiri wake. Antoine atamtunza kwa kuwa alikuwa hawara wake. Na kila baada ya kuaga, kinakuja kiitikio cha kushtua: siku atakapoteremshwa shimoni, anataka watu wacheke, wacheze, wafurahi hadi waonekane wamerukwa na akili.

Wimbo huu umesifiwa sana kama wimbo wa ujasiri, wa mtu anayekitazama kifo usoni na kukicheka. Mimi nausikia tofauti. Uachie upigwe, halafu sikiliza ni mara ngapi anasema nataka. Huyu ni mume aliyefumba macho miaka na miaka ili ndoa isivunjike. Na anapomuaga mke wake, anamwambia kwamba leo anayafumba tena, kama alivyozoea. Hakusema chochote akiwa na nguvu zake. Sasa amepata siku moja tu ambayo hakuna atakayemjibu, naye anaitumia yote. Hata ile amri ya kucheza ina makali yake. Mjane anayelia hubembelezwa, na tunajua nani yuko tayari kumbembeleza. Mjane anayecheza haombi bega la Antoine.

Kwa hiyo mtu anapojitungia mazishi ya furaha, swali la kwanza ninalojiuliza si kama anaogopa kufa. Najiuliza nani anaamriwa kufurahi, na kwa faida ya nani.

Brel mwenyewe alijua amri hii haina nguvu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1964, alitoa nyimbo mbili zinazougeuza huu wa kwanza nje ndani. Katika Le Tango funèbre anajiona amelala akingoja kufa, na marafiki wamekwisha kufika. Wanafungua kabati, wanapekua barua zake za mapenzi, wanajipanga nani atatembea wapi nyuma ya jeneza, wanashindana kuonyesha nyuso za huzuni. Hakuna anayeuliza marehemu alitaka nini. Katika Le Dernier Repas anaagiza karamu ya mwisho: ndugu, wanyama wake, wanawake aliowajua, mvinyo, kisha apandishwe kilimani aitazame miti ikilala. Karamu imepangwa hadi vitafunwa, lakini mwisho wa wimbo, akiwa peke yake, anakiri kwamba ataogopa. Ukizisikiliza hizi tatu kwa mfuatano unapata mtu yuleyule akipanda jukwaani kama jemadari na kushuka kama mtoto.

Kifo chenyewe kilipokuja hakikufuata wimbo wowote. Brel aliacha matamasha mwaka 1967. Mwaka 1974 madaktari walimpasua pafu lenye saratani, naye akaondoka Ulaya kwa jahazi, akaishia kisiwa cha Hiva Oa katika Marquises, katikati ya Pasifiki, ambako alijinunulia ndege ndogo akawa anawabebea wenyeji barua na kuwasafirisha wagonjwa. Alirudi Paris 1977 kurekodi albamu ya mwisho akiwa na pumzi ya kuhesabu. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1978, ana miaka 49, na akazikwa Atuona, hukohuko Hiva Oa, hatua chache kutoka kaburi la mchoraji Paul Gauguin. Mtu aliyeagiza umati uchezee shimo lake alichagua kisiwa ambacho umati usingeweza kukifikia.

Wimbo nao ulikuwa na maisha yake. Mshairi wa Marekani Rod McKuen aliuandika upya kwa Kiingereza, na kundi la Kingston Trio likauimba mwaka 1963. Humo padri amekuwa baba mzazi, Antoine ametoweka, ila mke bado ni yule msaliti. Kisha akaja Terry Jacks, Mkanada, ambaye aliurekodi baada ya Beach Boys kuujaribu na kuuweka kando. Yeye alimwondoa hata mke, akaweka mtoto wa kike aitwaye Michelle. Machi 1974 wimbo ukashika namba moja Marekani kwa wiki tatu, na Krismasi ya 1999 Westlife wakaupandisha tena kileleni Uingereza. Hao ndio waliouleta kwenye redio zetu. Msomaji aliyekuwa shule ya sekondari miaka ile pengine bado anaujua kwa moyo, Seasons in the Sun, na alidhani ni wimbo wa kwaheri za majira ya jua.

Kilichotupwa njiani ndicho kinachonivutia. Huzuni ilibaki, na ikaongezwa sukari. Ndege wa angani, milima ya utotoni, magoti yaliyochunika, vyote vimo. Kilichofyekwa ni kicheko: hakuna tena anayeamriwa kucheza kaburini, kwa sababu hakuna tena anayekomolewa. Alipoondoka Antoine, sherehe nayo ikaondoka. Kwangu huo ni ushahidi tosha kwamba viwili hivyo vilikuwa kitu kimoja.

Tuseme basi mtu anaacha wosia wa namna hii kwa dhati, hana kisasi wala mzaha. Nani atausimamia? Mali ina msimamizi wa mirathi, ina mahakama, ina karatasi. Furaha haina.

Mfano ni mpiga tarumbeta Louis Armstrong. Alizaliwa New Orleans, mji ambao bendi ya matarumbeta huusindikiza mwili makaburini kwa mwendo wa pole, kwa nyimbo za kanisa zilizoburuzwa taratibu hadi miguu ya wapigaji inaonekana kukwama. Mpiga ngoma ndogo amechomeka kitambaa chini ya nyuzi za ngoma yake ili isilie kwa ukali. Mwili ukishazikwa, au ukishaachwa uende na ndugu wachache, bendi inasogea mbali kidogo kwa heshima. Kitambaa kinachomolewa. Ngoma inapasuka, matarumbeta yanaruka juu, na kundi la watu walio nyuma ya bendi, miavuli mikononi, wanaanza kucheza barabara nzima. Armstrong alipiga katika mazishi kama hayo akiwa kijana, na mwaka 1950 aliyaweka kwenye sahani ya santuri, tangu maombolezo hadi shangwe, akiyasimulia kwa mdomo wake. Kama kuna mtu aliyeacha maelekezo, ni yeye. Alifariki New York Julai 1971, na familia ikachagua ibada tulivu ya kanisani mtaani Queens, bila bendi. Ilibidi watu wa New Orleans wamfanyie kumbukumbu yao huko kwao, na matarumbeta yao, bila mwili.

Tazama pia kwamba New Orleans hawaanzi na kucheza. Kuna safari nzima ya kwenda kaburini ambayo lazima itembewe kwa uzito wake, na furaha inapata ruhusa kitambaa kinapochomolewa. Brel aliruka sehemu hiyo ya kwanza. Alitaka watu waingie moja kwa moja kwenye ngoma.

Kwetu kesi ya wosia wa mazishi ilifika hadi Mahakama ya Rufani. Wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyeishi Nairobi na kumwoa Wambui, Mkikuyu, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane alisema mumewe alitaka kuzikwa Nairobi au shambani kwao Matasia. Ukoo wa Umira Kager ulisema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochwari siku zaidi ya 150 Kenya nzima ikibishana magazetini, kwenye matatu na mezani, na Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo ulivyotaka. Hapo palikuwa na jambo la kushikika, shimo lichimbwe hapa au pale. Sijui jaji yupi angeweza kuamua kwamba waombolezaji hawakucheka vya kutosha.

Katika miji ya Waislamu wa pwani hoja hii hufungwa mapema. Marehemu huoshwa, husaliwa na kuzikwa haraka iwezekanavyo, mara nyingi siku hiyohiyo, na wosia unaokwenda kinyume na sharia hautekelezwi hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu. Aliyeagiza tarumbeta atasomewa Yasini.

Lakini ukipanda bara, unakuta jambo ambalo Brel angelionea wivu. Unakuta mtani.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa, ila wa Mombasa au Bukavu huenda akahitaji. Watani ni watu wa makabila au koo zilizofungamana kwa haki ya kukebehiana: Mpare na Mchaga, Mngoni na Mhehe, Mzaramo na Mnyamwezi, na wengine wengi, mara nyingi kwa sababu ya vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu au kwa sababu ya njia za misafara. Harusini mtani ni kero ndogo. Msibani ana cheo. Yeye ndiye anayesaidia kazi ambazo ndugu hawana nguvu nazo, na yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuharibu.

Kaburi limechimbwa, jeneza limefika, shehe au mchungaji anasafisha koo. Mtani anaruka shimoni. Analala chali, anakunja mikono kifuani, anafumba macho. Hapa hapaziki mtu, anasema, nafasi imeshachukuliwa. Ndugu wanambembeleza, anafungua jicho moja na kutaja bei. Mwenzake huko juu amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama marehemu alivyochechemea, anawadai wafiwa deni la kreti ya soda la mwaka juzi. Mama mkubwa aliyekuwa akilia tangu alfajiri anajikuta anacheka huku kamasi zikimtoka, kisha anaona aibu, kisha anacheka tena. Zinachangwa noti mbili tatu. Mtani anatoka shimoni akijipangusa vumbi na kulalamika kwamba maiti wa siku hizi ni bahili. Mazishi yanaendelea.

Hakuna aliyefurahishwa na kifo pale. Kilio kimebaki kwa wenye kilio, na kicheko kimepewa mtu maalumu mwenye haki nacho, ambaye hawezi kulaumiwa. Marehemu hakuhitaji kuagiza. Hata angeagiza kinyume chake, mazishi ya heshima na ukimya, mtani asingesikiliza. Naona hapa ndipo ulipo upweke wa yule mgonjwa wa Le Moribond: katika kijiji chake hakuna mtu mwenye cheo cha kumcheka, kwa hiyo inambidi ajicheke mwenyewe mapema, na kuwasihi wengine wamfuate. Wimbo wa kujitungia mazishi ya furaha huchanua vizuri zaidi mahali ambapo furaha hiyo haina mwenyewe.

Sizungumzii disko matanga, ngoma za usiku zinazopigwa Kenya, pwani na magharibi, kwa kisingizio cha kuchangisha fedha za mazishi. Serikali imezipiga marufuku mara nyingi, na wazazi wenye mabinti hawahitaji kueleweshwa kwa nini. Pale spika zinamlilia aliyelipia jenereta. Marehemu ni tangazo tu.

Kama dai langu ni la kweli, basi mtu aliyekulia mahali ambapo kicheko cha msibani kina mwenyewe angetunga wimbo tofauti. Yupo. Anaitwa Noel Rosa.

Alizaliwa Desemba 1910 Vila Isabel, mtaa wa watu wa kipato cha kati Rio de Janeiro. Koleo la kuzalishia lilimvunja taya, akabaki na kidevu kilichoingia ndani na upande wa uso uliolegea maisha yake yote. Aliingia chuo cha udaktari na kukiacha, kwa sababu samba ilikuwa imeshamchukua. Usiku wake aliumalizia kwenye baa, akitunga na watu weusi wa vilimani ambao kijana wa mtaani kwake hakutegemewa kukaa nao. Katika miaka michache alitunga nyimbo zaidi ya 200. Mmojawapo ni Fita Amarela, utepe wa manjano, uliorekodiwa mwishoni mwa 1932 na Francisco Alves na Mário Reis na kuchezwa na Rio nzima kwenye kanivali ya 1933. Noel alikuwa na miaka 22.

Anasema akifa hataki kilio wala mshumaa. Anataka utepe wa manjano wenye jina la mwanamke fulani. Hataki maua wala shada. Kilio pekee anachokikubali ni cha filimbi, gitaa na kavakinyo, gitaa dogo la nyuzi nne, kwa kuwa muziki wa vyombo hivyo huko Brazil huitwa choro, kilio. Kama roho ipo kweli, angependa yule bibi apige miguu dansi juu ya jeneza lake. Anajifariji kwamba warembo nao udongo utawala siku moja. Warithi hana, senti hana, amemkopa kila mtu na hakumlipa yeyote. Na wale maadui wanaomsema leo, watakuja kuapa kwamba hawajawahi kuona mtu mwema kama yeye.

Linganisha na Brel. Hapa hakuna umati unaoamriwa kufurahi. Noel anaomba utepe, vyombo vitatu na mwanamke mmoja. Hakuhitaji kuagiza karamu kwa sababu karamu ilikuwepo: vitongoji vya Rio vina mkesha wa maiti uitwao gurufim, wenye pombe ya kachasa, hadithi za uongo, michezo ya kutoza adhabu na samba hadi kupambazuke, na hata kile kiini cha kiitikio chake kilikuwa kikizunguka tayari kwenye mabaraza ya samba kabla hajakigusa. Desturi haijafa. Beth Carvalho, malkia wa samba, alipofariki mwisho wa Aprili 2019, watu walimuaga kwa nyimbo zake mwenyewe kwenye makao ya klabu ya Botafogo. Noel alijua kwamba sehemu hiyo itajiendesha. Akabaki huru kufanya lililo gumu zaidi, kujitania: deni, umaskini, na kiburi cha mtu anayejua atasifiwa na wanafiki.

Kifua kikuu kilimmaliza nyumbani kwao Vila Isabel tarehe 4 Mei 1937, ana miaka 26. Rio wanasimulia kwamba usiku ule kulikuwa na sherehe kwa jirani ng'ambo ya barabara, bendi ikipiga nyimbo zake, na kwamba alikata roho huku vidole vyake vikigonga mdundo kwenye meza ya kando ya kitanda. Kisa kimetimia mno kiasi kwamba nakishuku kidogo.

Kuhusu maadui, yule mkubwa alikuwa Wilson Batista, kijana mweusi mtunzi wa samba ambaye tangu 1933 alikuwa akirushiana naye nyimbo. Wilson alisifu maisha ya wahuni wenye kitambaa shingoni. Noel akamjibu akivue hicho kitambaa, anunue viatu na tai. Wilson akamwita kijana wa watu anayejifanya mtu wa samba. Noel akamjibu kwa wimbo mzuri kuliko tusi lenyewe. Mwishoni Wilson aligusa pasipoguswa, akatunga Frankenstein da Vila, wimbo wa kukicheka kile kidevu. Noel hakuujibu. Baadaye walikutana mezani, na inasemekana Noel aliuchukua muziki wa wimbo mwingine wa kumtukana yeye, akautungia maneno mapya palepale, ukawa wimbo wao wawili.

Baada ya kufa alisahauliwa kidogo, kisha miaka ya 1950 redio na sauti ya Aracy de Almeida zikamrudisha, na sifa zikaanza kumiminika kama alivyobashiri. Mwaka 1956 kampuni ya Odeon ilizikusanya nyimbo za ugomvi ule kwenye sahani moja iitwayo Polêmica, mwimbaji mmoja akishika upande wa Noel na mwingine upande wa Wilson. Wilson alikuwa hai kuisikia. Wimbo wa kidevu umo.